Kadi Mbili za Kinyago Namba 47

Bukavu, 4 Februari 1975

Papa Anaclet,

Barua hii anakuletea Kulthumu mwenyewe, mkononi, pamoja na paketi mbili za majani ya chai. Mpe kiti kizuri, maana amesafiri siku mbili juu ya magunia ya vitenge vyake.

Makumbusho yetu ya Muhumba bado yana paa, na mvua inaingia pale pale unapopajua. Vitu vyote mia mbili kumi na vinne viko mahali pake. Nilivihesabu Jumamosi kwa kuvigusa kimoja kimoja, kama ulivyonifundisha mwaka wa sitini na tatu, nilipoajiriwa kufagia na wewe ukanipa kalamu.

Sasa shida. Jumanne alikuja bwana mmoja wa abakosi jeusi (ile suti isiyo na tai wanayovaa wakubwa siku hizi), begi la ngozi, gari na dereva. Anaitwa Citoyen Cirhuza; siku hizi kila bwana ni Citoyen, yaani raia. Ana karatasi yenye muhuri inayosema kwamba vitu kumi na viwili vya kwetu vinatakiwa Kinshasa kwa maonyesho ya utamaduni. Siku ya kurudi haikuandikwa. Mkononi alikuwa na kile kijitabu chetu cha picha cha mwaka wa sitini na moja, naye alikuwa akizungushia picha duara kwa kalamu nyekundu, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Maman, vitu hivi iko vya Taifa," akaniambia.

"Ndiyo, Citoyen. Na Taifa itavirudisha siku gani?"

"Unauliza Taifa siku?"

"Nakuuliza wewe. Taifa haikukuja hapa. Umekuja wewe."

Akacheka sana. Dereva wake hakucheka.

Atarudi baada ya wiki tatu na masanduku. Nikikataa, nitaitwa adui wa Mapinduzi, nami nina watoto wanne. Nikikubali, najua hatutaviona tena. Niambie la kufanya, na ulitume kwa mkono wa Kulthumu tu. Barua za posta zinafika zikiwa zimefunguliwa, na anayezifungua hata gundi hatafuti tena.

Domitille

(Kazini sasa naandikwa Nabintu, kwa kuwa majina ya ubatizo yamekatazwa. Wewe endelea kuniita ulivyozoea.)


Bujumbura, Buyenzi, 11 Februari 1975

Mwanangu Domitille,

Kulthumu ameketi kwenye kiti changu cha pekee, nami nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, mguu mbaya umenyooshwa juu ya ndoo. Anasema chumba changu kinanuka karatasi. Ni kweli. Tarehe 29 Oktoba 1967 nilivuka Ruzizi na sanduku moja, na ndani yake hamkuwa na shati hata moja. Mlikuwa na nakala za kadi zote mia mbili kumi na nne za vitu vyetu. Watu walisema kwamba aliyebaki mjini mamluki walipoushika bila shaka alikuwa rafiki yao, jina langu likaingia kwenye orodha. Nilibaki kwa sababu ya rafu zetu. Lakini orodha haina nafasi ya kuandika sababu.

Sasa sikiliza. Mwizi wa dirishani huogopa mbwa. Mwizi wa karatasi huogopa karatasi. Usimkatalie huyo Citoyen kitu chochote. Mpe heshima zote, kisha mwombe afuate utaratibu, wote, hadi mwisho.

Utaratibu wa kwanza uko mbele ya kadi, kwenye mstari wa dosari. Unakumbuka nilivyokusumbua na mstari ule? Kitu kizima hufanana na ndugu zake, lakini kidonda chake ni chake peke yake. Mwambie asome kila ufa na kila tundu, kisha atie sahihi. Mtu anayekusudia kuuza hapendi kutia sahihi chini ya ufa.

Utaratibu wa pili uko mgongoni mwa kadi. Vitu vingi vya kwetu hatukuvinunua. Familia zilituwekea, na kila familia iliweka sharti lake. Nami, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilipenda kuandika, niliandika masharti hayo neno kwa neno. Yasome. Kisha waandikie wenyewe waje.

Nilikuwa nikijiuliza nani atalinda rafu zile nisipokuwepo. Nimesoma maneno yako kwa yule bwana mara tatu. Kulthumu pia ameyasoma, ingawa hakuombwa.

Baba yako,
Anaclet


Bukavu, 2 Machi 1975

Papa Anaclet,

Nilisoma migongo ya kadi hadi macho yakauma. Kumi na moja kati ya vile kumi na viwili vina masharti, na karibu yote ni yale yale: kitu kisitoke bila wenyewe. Nikaandika barua kumi na moja. Papa, wamekuja!

Familia ya kile kiti cha Idjwi ilikuja kwa mitumbwi minne. Watu thelathini na mmoja, mbuzi wawili, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ya kutosha arusi. Wakaketi uani tangu asubuhi. Citoyen alipofika na masanduku yake hakupata pa kuweka mguu. Mkubwa wao, Muzee Marcellin, hakusimama.

"Ni wewe unaenda na kiti?"

"Ni Taifa, muzee."

"Muzuri. Sisi tuko tayari. Ndege iko saa ngapi?"

"Ndege gani?"

"Ile ya kutupeleka Kinshasa. Kiti haitembei yake peke. Bababu waliiweka hapa na neno: inapokwenda, tunakwenda. Tuko trente et un. Mbuzi tunaweza kuacha, kama ndege iko kidogo."

"Mimi siachi mbuzi wangu," akasema mke wake, Maman Bibiane, bila kuinua macho kwenye ususi wake. "Aende nani, abaki nani, lakini mbuzi inapanda."

Citoyen akawaonyesha muhuri. Muzee Marcellin akauangalia, akawapitishia wengine, nao wakaupitisha mkono kwa mkono hadi kwa bibi mmoja asiyeona vizuri. Yule bibi akaunusa, akasema ni mzuri. Karatasi ilirudi kwa Citoyen ina kidole cha kasiksi.

Kesho yake walifika watu wa Sange, wenye ile ngoma kubwa, juu ya lori la chumvi. Wao hawakusema mengi. Waliipiga tu, mchana kutwa, wakisema ngoma ikiondoka lazima iagwe, na kuaga kwao ni siku tatu. Ijumaa bwana yule alikuwa amekata mistari kumi na moja kwenye orodha yake.

"Nyinyi watu wa huku muko na kichwa nguvu," akaniambia.

"Kichwa iko yetu, Citoyen. Haiko kwa liste yako."

Lakini mstari mmoja haukukatika. Ni namba 47, kile kinyago cha Mwenga chenye uso mweupe. Mzee aliyekileta mwaka wa hamsini na tisa alikufa bila mtoto, na mgongo wa kadi yake ni mtupu. Hakuna wa kumwita. Citoyen amekizungushia duara la pili. Atakichukua mwisho wa Aprili, "bila cirque," yaani bila ngoma wala mbuzi, ndivyo alivyosema.

Kulthumu anakwenda Uvira kwa binti yake anayejifungua, na hajui atarudi lini. Kwa hiyo hadi hapo utapata barua za posta tu.

Domitille


Bukavu, 30 Aprili 1975
(kwa posta)

Papa,

Leo kinyago namba 47 kimechukuliwa kwa ajili ya maonyesho ya Kinshasa. Citoyen Cirhuza amesoma dosari zote na kutia sahihi. Nami nimetia. Sisi wote wazima. Mvua zinaelekea kuisha. Usihangaike.

Nabintu


Bujumbura, 6 Septemba 1975
(kwa posta)

Domitille,

Usihangaike, uliandika. Nilitii kwa miezi minne.

Jumanne nilikwenda mjini kutafuta miwani. Karibu na posta kuna duka la vitu vya kale vya kuuzia wageni. Sipendi kuyatazama maduka hayo, lakini mguu uliniuma, nikasimama. Kilikuwa kwenye kioo cha mbele, juu ya kitambaa chekundu. Nilikijua kabla sijajua kwamba nimekijua, kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake katika umati.

Nilirudi nyumbani kwa taksi, jambo nisilolifanya, nikachukua kadi, nikarudi dukani, nikamwomba mwenye duka anipe nikishike. Alidhani mimi ni mnunuzi. Nilisoma dosari moja moja kidole kikiwa juu ya mti. Ufa chini ya jicho la kushoto, urefu wa ukucha. Matundu manne ya ndevu, mawili yamechanika. Alama za meno ya panya kwenye ukingo wa juu. Zote kumi na mbili, Domitille. Hakuna iliyokosekana.

Nimekaa siku tatu bila kuandika ili nisiandike kwa hasira. Najua watoto ni wanne. Najua kulikataa abakosi si jambo dogo. Lakini wewe ambaye watu thelathini na mmoja walikuja kwa barua yako, je, kwa kitu kisicho na mwenyewe ulichoka? Kilikuwa yatima, na yatima ndiye wa kwanza kulindwa. Neno lako "usihangaike" limeniuma kuliko sahihi yako. Kwa nini hukuniambia hata kwamba unaogopa?

Sitakutaja kwa mtu yeyote. Lakini kinyago kile hakitauzwa nikiwa hai. Tarehe mosi Oktoba nitakwenda kwenye ubalozi mdogo wa nchi yetu na kadi yangu, nao watafute ni nani aliyekitoa Bukavu. Kama una neno la kusema, liseme kabla ya siku hiyo.

Anaclet


Bukavu, 17 Septemba 1975
(kwa mkono wa Kulthumu)

Papa Anaclet,

Kulthumu amerudi kutoka Uvira na mjukuu ana jina, Amuri. Kwa hiyo sasa naweza kusema. Tafadhali keti kabla hujaendelea, na usiende ubalozini.

Ulichokiona si namba 47.

Karatasi ya Citoyen ilinitia shaka tangu siku ya kwanza. Muhuri ulikuwa mpya, lakini chini yake palikuwa na sahihi ya mkubwa aitwaye Jean-Baptiste. Papa, wewe uko mbali, huenda huoni jambo hilo lilivyo la ajabu. Tangu mwaka wa sabini na mbili hakuna mkubwa anayethubutu kutia sahihi ya jina la ubatizo, hata kwenye kadi ya arusi. Mtu yule alikuwa ameiga sahihi ya zamani. Lakini shaka si ushahidi. Ningemshitaki kwa nani? Na kama angekuwa wa kweli?

Huko Kasha kuna fundi mbao, Philémon Kitoga, anayetengeneza viti vya kanisa na majeneza. Watu wake wanatoka Mwenga. Nilimpelekea gogo la mti ule ule, kijitabu cha picha, na kadi yako ya mwaka wa hamsini na tisa. Nikamwambia: "Fundi, nataka hiki, pamoja na magonjwa yake yote."

"Kwa kawaida watu wanalipa nitoe ufa," akanijibu. "Wewe unataka niweke?"

Alifanya kazi wiki nane. Alikichonga, akakifukia kwenye udongo wa migomba, akakifukua, akakisugua kwa mawese na moshi. Meno ya panya yalimshinda mara mbili. Mwishowe alimshika panya kweli, akamtazama kinywani, akarudia kazi. Nakuapia. Siku ya mwisho alikiweka mezani. Mimi niliyekipangusa kile cha kweli miaka kumi na miwili nilichukua kitambaa nikaanza kukipangusa hicho.

Huenda utauliza: nami nitajuaje kwamba hunidanganyi tena? Jibu liko kwenye kidevu. Je, kidevu cha kile cha dukani kilikuwa kizima?

Tarehe 2 Novemba 1967, siku nne baada ya wewe kuvuka, kombora lilianguka barabarani, ukuta ukatikisika, rafu ya tatu ikaporomoka. Namba 47 ilivunjika kidevu vipande viwili. Nilikigandisha kwa utomvu nikiwa peke yangu, na mstari unaonekana hadi leo. Sikukuandikia. Ulikuwa umepoteza nyumba, kazi na mji, sikuona sababu ya kukuongezea kidevu. Kadi mpya niliyoiandika siku ile ina dosari kumi na tatu, Papa. Yako inasimama siku uliyoondoka, nayo ndiyo Citoyen aliyoitia sahihi.

Citoyen alitaka kinyago cha kwenye picha, na nimempa cha kwenye picha. Cha kweli kimo ndani ya kapu la mtama kwa Maman Eulalie, mama mkwe wa Philémon, kimefungwa kitambaa cha pamba. Kuhusu panya usiwe na wasiwasi. Ana paka watatu, na mwenyewe ni mkali kuliko wote.

Nisamehe kwa "usihangaike". Ilisomwa na watu wengine kabla yako.

Domitille


Bujumbura, 10 Oktoba 1975
(kwa mkono wa Kulthumu)

Mwanangu,

Barua yako imefika jana. Daraja karibu na Sange lilichukuliwa na maji, na lori likakaa huko siku ishirini. Kulthumu alilala juu ya vitenge vyake na barua yako kifuani. Tarehe mosi ilikuwa imepita.

Nilikwenda, Domitille. Nilivaa koti. Nilisimama mbele ya watu wale na kadi yangu, nikasoma dosari kumi na mbili kwa sauti kubwa, kama mwanafunzi anayetaka zawadi. Walivutiwa. Polisi wa hapa wamekitoa dukani, mwenye duka amemtaja Cirhuza, na tarehe 15 Novemba kinyago kitakabidhiwa kwenu Muhumba mbele ya tume ya mkoa, kwa hotuba na picha.

Niliushika mkononi ule uso, nikaona kidevu kizima, na wala sikushtuka. Nilifurahi, kwa maana kilikuwa kama nilivyokiacha. Miaka minane nimejisifu kwamba hakuna anayevijua vitu vile kama mimi. Nimekuwa nikikijua kinyago cha mwaka wa sitini na saba.

Na nilikuita mtu aliyechoka. Sina neno la kufunika hilo, kwa hiyo naliacha wazi. Uliyoyafanya mimi nisingeyaweza hata nikiwa na miguu yangu yote miwili. Mimi niliandika dosari. Wewe ulizifanya zikalinda.

Sasa hatari. Tume ikigundua kwamba kilichorudi si cha kweli, itauliza cha kweli kiko wapi, na jibu la haraka litakuwa jina lako. Wameniomba cheti, mimi mtunzaji wa kwanza, kwamba hiki ndicho namba 47. Sijawahi kuandika neno la uongo juu ya kitu cha makumbusho. Leo nimeandika: "Ndicho," nikatia sahihi na tarehe. Kimo humu. Wape. Afadhali kadi zangu zote zitiliwe shaka kuliko wewe ulale gerezani usiku mmoja kwa ajili ya ujuaji wangu.

Anaclet


Bukavu, 23 Novemba 1975
(kwa mkono wa Kulthumu)

Papa Anaclet,

Cheti chako sikukitumia. Utakikuta ndani ya bahasha, kama kilivyokuja.

Nilikuwa nimekusudia kukitumia. Tarehe 15 nilikificha kifuani chini ya kitenge. Ua ulijaa, benchi zilikuwa za mashule, na walimu walileta watoto kuimba. Mwenyekiti wa tume alisoma hotuba ndefu kuhusu urithi. Kisha wakafunua kinyago cha Philémon juu ya meza, watu wakapiga makofi, na Philémon mwenyewe, nyuma kabisa, alikuwa akipiga makofi kwa bidii kuliko wote hadi mke wake akamshika mikono.

Papo hapo niliwaza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Nikitoa cheti chako, namba 47 itakuwa hii, milele. Ile ya Mwenga itabaki kwenye mtama bila jina. Maman Eulalie ana miaka sabini. Siku atakayokufa, wajukuu watamwaga kapu, wataona kipande cha mti chenye kidevu kibovu, na siku hiyo watapika nacho. Nitakuwa nimemzuia mwizi, kisha nimeimaliza kazi yake mwenyewe.

Nikasimama.

"Citoyen Président, pardon kidogo. Hii iko muzuri sana, lakini haiko yetu."

Makofi yakakatika. Nikamwita Maman Eulalie. Alikuwa amekuja na kapu lake kichwani, kwa kuwa tangu Machi hakubali kuliacha nyumbani peke yake, hata akienda misa. Nikaingiza mkono kwenye mtama, nikatoa kitambaa, nikakifungua mbele yao. Nikasoma kadi yangu, dosari kumi na tatu.

Mwenyekiti alizitazama nyuso zile mbili kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ulimupa mutu wa Serikali kitu ya uongo?"

"Nilimupa mutu wa karatasi ya uongo, Citoyen Président. Vilifanana."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, kisha wakaona uso wa mwenyekiti wakaacha. Nikampa ile karatasi ya Cirhuza yenye muhuri. Niliibakiza nilipomwambia Cirhuza kwamba utaratibu wetu unataka asili ibaki kwetu na yeye aondoke na nakala. Mwenyekiti aliisoma hadi chini, hadi pale kwenye Jean-Baptiste. Akaikunja polepole, akaitia mfukoni.

Hata hivyo walitushika, mimi na Philémon, hadi Kinshasa ijibu. Siku tano. Sitakuambia zilikuwa nzuri. Kila asubuhi Maman Eulalie alileta uji getini na kuwauliza askari, kwa sauti ya kusikika hadi ziwani: "Wewe, mama yako anajua unafunga watu wanaochunga vitu vya bababu?" Siku ya tatu walianza kumwamkia kabla hajafika. Siku ya tano jibu likaja: hakuna maonyesho, hakuna aliyetumwa, na yule mkubwa wa sahihi alistaafu mwaka wa sabini na moja. Cirhuza amekamatwa Goma akiwa na pembe za ndovu za wenyewe wengine.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kutufungulia. Aliuliza hiki cha pili tukifanyeje, kichomwe?

"Kichomwe?" Philémon akaruka. "Citoyen, nimechonga majeneza mia tatu, hakuna hata moja lilinitoa jasho namna hii. Kama ni kuchoma, munichome pamoja na yeye."

Basi vimewekwa vyote viwili kwenye kabati moja la kioo, ubavu kwa ubavu. Watu wanatoka hata Kavumu kuja kuvitazama. Wanabishana ni kipi cha kweli hadi tunafunga.

Kimebaki kitu kimoja. Cha Philémon hakina kadi, nami kila nikianza kuandika nakwama. Naomba uiandike wewe.

Domitille


Bujumbura, 5 Desemba 1975

Mwanangu Domitille,

Cheti nimekitia motoni, chini ya chai ya Kulthumu. Kwenye kadi yangu ya 47 nimeongeza dosari ya kumi na tatu, kwa wino wa rangi nyingine, na jina la aliyekigandisha kidevu. Nitumie na nyingine zote ulizonificha tangu nilipovuka. Usinihurumie.

Nimejaribu kukufikiria umesimama mbele ya meza ile na kapu la mtama, nikashindwa. Katika maisha yangu nimeona watu wenye ujasiri na watu wenye uangalifu. Sikuwa nimeona vyote viwili katika mtu mmoja, na nilipomwona nilikuwa nimekwishamwita mchovu.

Kadi uliyoiomba iko hapa. Niliandika mistari minne ya kwanza kwa dakika kumi. Mstari wa tano ulinichukua jioni nzima, kwa sababu ya aibu. Nilifungua sanduku, nikazitazama kadi zote mia mbili kumi na nne, na katika kila moja mstari ule nilijaza neno moja tu: hajulikani. Ni mwandiko wangu. Sikuwahi kuuliza.

Namba: 215.
Kitu: Kinyago cha mti, uso mweupe, kwa mfano wa namba 47.
Kilipatikana: Kilichongwa Kasha, Machi na Aprili 1975, ili namba 47 isiibwe.
Dosari: Kumi na mbili, zote za mkono.
Mchongaji: Philémon Kitoga, fundi mbao. Yu hai.

Anaclet